Tunyungu twa Sanga na batoto ba zamani: mifupa inaweza kusema kweli ni bangapi balikufwa?

mwana_wa_kenya
Jambo benyeji. (Kenya yangu ni komini ya hapa Lubumbashi, haina ile inchi ya Nairobi, musianze tena kunitumia salamu za Mombasa.)

Siku ya posho nilipeleka batoto ba yaya yangu ku mize (nyumba ya makumbusho). Tukafika ku nyungu za Sanga, zile za Ziwa Kisale, na mwenye kutuongoza akatuambia mu makaburi ya batoto balikuta tunyungu tuloko tuloko, mukubwa alikuwa anazikwa na nyungu kubwa, mutoto na kanyungu kake sawa na urefu wake. Basi kale kasichana ka yaya, kako na miaka saba tu, kakauliza: kumbe batoto mingi balikuwaka banakufwa? Muongozi akajibu ndiyo, zamani nusu ya batoto balikuwa banakufwa mbele ya kukomaa.

Kurudi ku nyumba nikaelezea ile maneno ku meza, baba mukubwa akakatala kabisa. Asema ni bongo ya bazungu, zamani bantu balikuwa na nguvu, dawa ilikuwa mu pori, magonjwa ilikuja na treni. Tukabishana mpaka bukari ikapola na mama akakasirika.

Sasa naomba bale benye kujua. Mifupa inaweza kusema kweli batoto bangapi balikufwa? Na namna gani munaangalia tufupa twa katoto munajua kalikufwa siku ya kwanza ao mwaka ya kwanza? Na ile ya kukuta batoto mingi mu makaburi, ni sawa kusema hapo batoto balikuwa banakufwa mingi? Miye naona ni sawa lakini sina maneno ya kumushinda mzee.

kisale_58
Asante ku iyi swali, ni siku mingi hatukuongea kintu ya maana humu, ni mupira tu na bei ya bunga.

Miye nilisoma istoria ku UNILU (université ya Lubumbashi). Ile ya tunyungu ni kweli. Kule Sanga balichimba 1957, Nenquin, mwaka ya kufuata Hiernaux, kisha Pierre de Maret akarudia 1974 na akachimba fasi zingine pia pale pembeni ya Lualaba. Mu wakati ya Kisale yenyewe (njo jina banaita ile desturi ya makaburi ya pale ziwa), tuseme karne ya 10 mpaka ya 13, ukubwa ya nyungu inafuata ukubwa ya marehemu. Ni kusema mutu alifinyanga kanyungu kaloko makusudi juu ya mutoto. Ile inaniumizaka kila mara nikiwaza, juu kanyungu ka vile hakapikie hata yai moja.

Sasa miaka. Miaka iko mu meno. Meno ya kwanza, zile za kunyonyea, zinaanza kujijenga mutoto akiwa angali mu tumbo ya mama, karibu mwezi ya ine, na zinajijenga kila siku kiloko kiloko, sawa mutu anapaka rangi juu ya rangi. Siku ya kuzaliwa mwili inashituka, baridi, hewa, chakula ya mu kitovu inakatika, na ile kushituka inaacha mustari mu jino. Ukikata jino na kuangalia mu mikroskopi unauona. Mustari ukiwa pale na juu yake kuko jino ingine imejengeka, basi ule mutoto aliishi kisha kuzaliwa na unaweza hata kuhesabu siku. Mustari ukikosa, alizaliwa mufu ao alikufwa mu zile siku za kwanza, juu inaomba juma moja, mara mbili, njo ionekane muzuri.

Mufupa ya paja nayo banaipima urefu, lakini mufupa inadanganya: mutoto akikosa chakula mufupa inachelewa kurefuka, jino haichelewe sana. Mutoto wa mwaka moja na nusu anaweza kuwa na paja ya mutoto wa mwaka. Ukikuta jino na mufupa hazisikilizane, ile tofauti yenyewe ni habari, ni njala ao ugonjwa.

Kuhesabu bangapi balikufwa njo kuko mateso. Batoto banakosekana. Mufupa ya katoto ni laini, iko na chumvi kiloko ya kuikomaza, na udongo wetu nyekundu wa Katanga uko na asidi, unaikula. Kaburi ya mutoto tena haina murefu, mvua, jembe, imbwa. Na bachimbaji ba zamani, wee, mufupa sawa kidole yako ya mwisho balikuwa banafikiri ni ya kuku, banatupa ku mufuko ya udongo.

Kisha kuko bantu benye habakuzika batoto pamoja na bakubwa. Baroma, Plinio, mwandishi wabo wa zamani, aliandika kama kwabo mutoto mwenye hakuote jino hachomwe moto sawa bakubwa, na mara mingi tunakuta bale batoto chini ya nyumba ao pembeni ya ukuta. Ku kisiwa Astypalaia, Ugiriki, ni kinyume: kuko fasi moja balizika batoto zaidi ya 2,700, kila moja mu nyungu yake, karibu bote bachanga. Ukichimba makaburi ya bakubwa peke yake utasema pale hakuna mutoto alikufwa. Ukichimba ile ya nyungu utasema ni inchi ya balaani.

BabaMukubwa_Katuba
Miye siko ule baba mukubwa wa kijana lakini niko na maoni yake! Munasema mifupa inakosekana, inaliwa na udongo, inatupwa, lakini munajua nusu balikufwa. Kama haionekane balihesabu nini? Bankambo betu habakukuwa bajinga, mama alikuwa anazala kumi na anabakia na kumi. Leo ni chumvi ya mu karatasi na mafuta ya mu chupa, njo inaua.

mama_wa_kadutu
Shikamoo baba wa Katuba, kwa heshima yote, lakini mimi niko Bukavu na niko nafanya kazi ku materinite (fasi bamama banazalia) miaka mingi. Mama yule wa kumi na kumi yuko mu hadisi. Hata leo hatujafika kule. Uchunguzi ya 2013-2014 hapa kwetu Congo ilikuta batoto 58 ku 1,000 banakufa mbele ya mwaka moja na 104 mbele ya miaka tano, na hiyo tuko na chanjo, tuko na serumu, tuko na chandarua. Ondoa hivyo vyote uone. Saa ingine kile kinaua mutoto ni kitu kidogo sana, kitovu kilichokatwa na wembe muchafu, kuhara siku mbili, basi.

Na hapo nina swali kwa kisale. Ile magonjwa ya haraka haigusi mufupa. Mutoto wa kuhara siku mbili mifupa yake ni safi kabisa. Sasa batu ba mifupa banajuaje alikufa na nini? Juu nilisoma kidogo pale banasema macho ya fuvu inakuwa na tundu tundu, banasema anemi.

kisale_58
Mama umegusa kidonda yenyewe. Zile tundu za mu paa ya macho ziko, na mistari ya mu meno pale jino ilisimama kujijenga juu ya homa ao njala, na miguu ya kupinda juu ya kukosa jua. Lakini mu 1992 Wood na benzake batatu baliandika kintu ilitikisa bote: mufupa yenye alama ni ya mutu mwenye alipigana. Aliugua, akaishi muda ya kutosha mpaka ugonjwa ukaandika mu mufupa. Mwenye mifupa yake ni safi anaweza kuwa njo mwenye zaifu, alikufwa siku ya tatu mbele mufupa ijue kintu. Sasa ukiona makaburi mawili, moja ya mifupa michafu moja ya safi, huwezi kukimbilia kusema bale ba safi balikuwa bazima zaidi.

Lakini mara zingine inawezekana. Lugnano, Italia, balikuta makaburi ya batoto 47 mu nyumba ya zamani yenye ilibomoka, karne ya 5. Balizikwa karibu karibu, mu muda mufupi, na mingi bao balizaliwa mbele ya wakati. Pembeni balitia bana ba imbwa, dawa ya uchawi tuseme. David Soren mwenye alichimba akasema iyi ni malaria.  Kisha, mu mufupa ya katoto ka miaka miwili ao mitatu bakapata damu-urithi (ADN) ya malaria yenyewe, ile mubaya ya falciparum.

mama_wa_kadutu
Eh Mungu wangu. Malaria na kuzaa mbele ya wakati!! Ile ningewaambia bila kuchimba kitu. Mama wa mimba akipata malaria ile ya nguvu inajificha mu kondo, mutoto anakosa chakula, anatoka na miezi saba, kilo moja na kitu. Kila masika tunabaona. Karne ya tano na masika ya juzi ni mamoja. Ya bana ba imbwa sikujua, lakini nawaelewa, mama mwenye alipoteza batoto batatu mufululizo anafanya chochote unamwambia.

mwana_wa_kenya
Bon, mumeniponyesha nusu. Lakini baba wa Katuba aliuliza muzuri: ile "nusu" inatoka wapi kama mifupa inakosekana? Na swali yangu ya tatu hakuna mwenye alijibu, batoto mingi mu makaburi ni kusema vifo mingi, ndiyo ao hapana?

kisale_58
Nusu haikutoke ku mifupa. Inatoka ku bitabu ya zamani ya kubatiza na kuzika, na ku bantu ba kuwinda benye banahesabiwa bangali bazima. Bale benye balikusanya zile hesabu zote pamoja banakuta karibu robo ya batoto balikuwa banakufwa mbele ya mwaka ya kwanza, na karibu nusu mbele ya kuwa bakubwa. Muongozi wa mize hakukosea, lakini ile haikuandikwa ku nyungu ya Sanga.

Ya tatu sasa, shika daftari, juu njo yenye inashangaza bantu bote. Tuseme vijiji viwili. Ku kijiji ya kwanza kunazaliwa batoto 20 ku mwaka, mutoto moja ku batano anakufwa, donki batoto 4. Bakubwa 10 nabo banakufwa mu ile mwaka. Makaburi 14, ya batoto ni 4. Ku kijiji ya pili kunazaliwa batoto 60, na ni vile vile moja ku batano anakufwa, donki 12, bakubwa 10. Makaburi 22 na ya batoto ni 12, zaidi ya nusu! Muchimbaji anafika miaka elfu moja kisha, anaona kijiji ya pili, anashika kichwa, "masikini, hapa batoto balikuwa banakufwa". Lakini hatari ya kila mutoto ilikuwa moja. Kintu kilitofautiana ni bamama ba kijiji ya pili balizala mara tatu zaidi.

Iyi haina mawazo yangu. Tangu 1983 Sattenspiel na Harpending balionyesha kama miaka ya bafu mu makaburi inafuata uzazi kuliko kifo. Na juzi juzi Clare McFadden wa Australia na benzake balichukua hesabu za leo, za inchi mingi, fasi tunajua kweli nani alizaliwa na nani alikufwa, bakaangalia. Wingi ya bachanga kati ya bafu inafuata wingi ya kuzala. Na kifo chabo, inakifuata kiloko tu.

Donki jibu ku swali yako: hapana. Ukikuta tunyungu mingi, kintu cha kwanza cha kusema ni "hapa kulikuwa bamama benye kuzala".

BabaMukubwa_Katuba
Aaaah! Nilisema nini miye! Bamama ba zamani balikuwa na nguvu ya kuzala!! Kijana wa Kenya piga simu ku mzee wako, umwambie Katuba inamusalimia.

mama_wa_kadutu
Baba polepole 😄 moja ku batano bado ni moja ku batano, ni katoto kake kila mara. Kisale hakusema habakukufa.

kisale_58
Sikusema. Mama eko na haki.

mfinyanzi_wa_kipushi
Niko nasoma tu kimya lakini ile ya kuua batoto hamuisemi? Nilisikia Uingereza balikuta shimo ya bachanga mu nyumba ya Baroma, bakasema ni danguro. Na ingine ku Israeli, mu mufereji ya maji muchafu.

kisale_58
Ya Uingereza ni Hambleden, ilichimbwa 1912, bachanga 97. Mifupa ikakaa mu sanduku karibu miaka mia, kisha Simon Mays na Jill Eyers bakaipima upya, 2011. Mutoto akikufwa na magonjwa, tarehe inatawanyika: bale ba mimba ya miezi saba, ba nane, ba kenda, bale ba mwezi moja kisha kuzaliwa. Kule mingi beko fasi moja, juma 38 mpaka 40 ya mimba, pale pale pa kuzaliwa. Bakasema iyi inafanana na mukono ya mutu. Ya danguro ni wazo ya Eyers mwenyewe, magazeti ikaitangaza, lakini mifupa haina uwezo ya kusema danguro. Ku Ashkelon, ile ya mufereji, ni karibu 100, baliangalia damu-urithi ya bamoja bakapata majibu ku 19, na 14 balikuwa bana baume. Bote balikuwa banafikiri watakuwa basichana. Na jua hakuna namna ya kuangalia mifupa ya katoto kachanga na kusema ni mvulana ao musichana, mpaka bikomae, njo maana baliomba labo.

Miye binafsi ile ya Hambleden inaniingia nusu. Kuko benye banasema hata kuzala tu, kifo cha kawaida cha siku ya kwanza, kinaweza kufanya ile kilima mu hesabu, na urefu ya paja haina saa ya ukutani, inakosea juma mbili bila haya.

mwana_wa_kenya
Na maziba? Mwalimu moja ku masomo alituambia mufupa inajua mutoto alinyonya mpaka lini, sikuamini.

mama_wa_kadutu
Ile nisikie pia, juu kuachisha mapema njo kunaniletea batoto ba kuvimba tumbo.

kisale_58
Iko kweli na ni rahisi kuliko inavyosikika. Mwenye kukula nyama eko na azoti (nitrojeni) nzito mingi mu mwili kuliko majani yenyewe, kila ukipanda ngazi ya kukula inaongezeka. Sasa mutoto mwenye kunyonya anakula mama yake, samahani kusema vile, donki eko ngazi moja juu ya mama. Akianza bukari na sombe anashuka. Unapima mifupa ya batoto ba miaka tofauti, unaona ile mustari inapanda kisha inashuka, na pale inashuka njo kuachishwa. Ku kijiji moja ya Uingereza, Wharram Percy, ile ya wakati ya kati, inashuka mbele ya miaka miwili. Lakini kumbuka ule mutoto unapima ni ule alikufwa. Labda alikufwa juu aliachishwa mbaya. Benye balipona balikua, mifupa yabo ikajigeuza, ya utoto ikapotea. Njo maana sasa banakata meno ya bakubwa, juu jino haijigeuze, ya kwanza inabakia vile vile.

mfinyanzi_wa_kipushi
Batu ba Kilifi nabo balikuta katoto, si ndiyo? Nilisikia ku radio.

kisale_58
Mu pango ya Panga ya Saidi, Kenya (ile ya Mombasa sasa, mwana wa Kenya usikasirike). Miaka karibu 78,000, ni kaburi ya muzee kupita zote za Afrika tunajua. Katoto ka miaka miwili na nusu mpaka mitatu. Mifupa ilikuwa sawa bunga, ukigusa inamwagika, bakaifunika na plasta udongo na yote, bakaibeba vile mpaka ku mize ya Nairobi, kisha Uhispania, wakaichimba kule polepole. Balilaza kichwa juu ya kintu chenye kilioza, sawa mutu anatia mutoto muto. Bakakaita Mtoto. Sikukuwa na haja ya tafsiri.

mwana_wa_kenya
Bon benyeji, narudi na habari. Jana mangaribi nilisomea baba mukubwa yote, kutoka juu mpaka chini, hata ya Katuba (alicheka sana, asema huyu ni mwenye akili). Ku ile ya vijiji viwili alinyamaza. Akaanza kuhesabu ku vidole bana ba mama yake. Tulijua ni kenda, tangu tulizaliwa tunasikia kenda. Akafika ku kenda akasimama, akarudia, akasema, kuko babili habakupata jina. Moja mbele yake yeye, ingine kati ya tantine Mado na papa yangu. Kumi na moja. Hata papa yangu hakujua, na ni mdogo wake!

kisale_58
Babili ku kumi na moja, na habaandikwe fasi yoyote. Balizikwa wapi? Ku makaburi ya wote?

mwana_wa_kenya
Nilimuuliza. Hapana, nyuma ya nyumba kule kijijini, chini ya muti ya maembe, bamama bazee njo balizika, banaume habakuitwa. Ile fasi iliuzishwa, leo kuko garaji ya makamio na banamwaga mafuta pale pale.